Muhuri Uliopigwa Juzi

Herufi K na S, kila moja na nukta yake, haziongezi chochote katika nguvu ya bunduki. Risasi haiendi mbali zaidi kwa sababu yake. Lakini zikionekana kwenye Mauser ya Kijerumani ya enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, wakusanyaji wa silaha za kale huko Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kuliko wanazolipa kwa Mauser isiyo nazo. Ni kifupi cha Kaiserliche Schutztruppe, jeshi la kikoloni la mfalme wa Ujerumani. Ndilo lililoshika Tanganyika, Rwanda na Burundi, na ndilo lililokuwa ng'ambo ya mto Rusizi likitazamana na askari wa upande wetu, wa Kongo. Bunduki zake zilizobaki ni chache, wanaozitaka ni wengi, na seti ya vyuma vya kupigia herufi inauzwa katika duka la vifaa la mji wowote. Kwa wenye tamaa, hesabu hiyo ni nyepesi.

Mimi ni fundi wa mihuri na maandishi ya chuma hapa Bukavu, karibu na Nyawera. Natengeneza mihuri ya shule, makanisa na vyama vya ushirika, naandika majina ndani ya pete za harusi na kwenye vikombe vya michezo, napiga namba kwenye jenereta na mashine za kusaga ili mwenye mali aitambue ikiibwa. Kazi hii nimeirithi kwa baba, aliyeianza mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Costermansville. Jinsi chuma kinavyopokea herufi naijua kwa vidole. Habari za bunduki za kale zimenijia kupitia mtoto wa dada yangu anayeishi Brussels na kufanya biashara ya vitu vya zamani. Kila akionyeshwa kitu chenye maandishi hunitumia picha: "Mjomba, shikamoo. Angalia hii, wanasema ilitoka huko kwetu kwenye vita. Herufi zake ni za kweli?"

Wauzaji wanajua kwamba hadithi ndiyo inayopandisha bei. Mauser bila hadithi ni chuma na mbao. Ikisemwa kwamba ilitekwa Tabora mwaka 1916, mnunuzi hafikirii tena. Na kwa kuwa hadithi yenyewe ni ya babu zetu, sitaki kuona inapigwa nyundo na mtu aliyekaa kwenye karakana yake akitafuta faida.

Vita vile vilipita hapa hapa. Tarehe 24 Septemba 1914, Wajerumani waliokuwa Rwanda chini ya kapteni Max Wintgens waliteka kisiwa cha Idjwi, na Wabelgiji hawakukirudisha hadi 1916. Aprili ya mwaka huo majeshi ya jenerali Charles Tombeur yalivuka kuelekea mashariki, brigedi ya kaskazini ikiongozwa na Molitor, ya kusini na Olsen, Mdenmark aliyekuwa akiitumikia Ubelgiji. Kigali waliingia mwezi Mei, Usumbura mwezi Juni, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaishika Tabora. Mwaka uliofuata walifika hadi Mahenge. Waliopigana walikuwa Wakongomani wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, na nyuma yao walitembea wapagazi ambao wanahistoria huwahesabu kuwa zaidi ya 260,000, na mizigo ya risasi na chakula vichwani. Wengi wao hawana jina lililoandikwa mahali popote. Vitu vichache walivyovishika ndivyo ushahidi uliobaki kwamba walipita. Ushahidi huo ukichanganywa na wa kughushi, kesho hakuna atakayeuamini hata ule wa kweli.

Kabla ya kuangalia herufi, inafaa kujua nani alibeba nini. Mwaka 1914 askari wa kawaida wa Force Publique alikuwa na Albini, bunduki ya milimita 11 inayotia risasi moja tu kila mara. Mauser ya Kibelgiji ya mwaka 1889 ilikuwa kwanza kwa Wazungu na kwa kompania za Katanga. Upande wa Wajerumani hali haikuwa tofauti sana. Kompania nyingi za askari weusi zilianza vita na bunduki za muundo wa 1871 zenye baruti nyeusi, na kila zikifyatuliwa moshi mzito ulimwonyesha adui mahali pa kupiga. Mauser mpya za muundo wa 1898 zilikuwa kwa baadhi tu, mpaka meli ya Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, ilipofika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga Aprili 1915. Waingereza waliipiga, lakini Wajerumani na wapiga mbizi wao waliokoa sehemu kubwa ya shehena, zikiwemo bunduki karibu 1,800. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ikatia nanga Sudi, upande wa Lindi. Baada ya hapo hakuna meli nyingine ya silaha iliyofika.

Habari hiyo ya meli ni ya thamani kwa mnunuzi. Mauser ya 1898 huwa na jina la kiwanda na mwaka juu ya chuma kinene kinachofuata mtutu, pale risasi inapoingilia: Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg, Oberndorf, au DWM ya Berlin. Siku moja mpwa wangu alinitumia picha ya bunduki yenye K.S. kubwa, safi, na karatasi ya muuzaji ikisema ilitekwa Tabora. Mwaka uliopigwa juu ya chuma ulikuwa 1917. Tabora iliingiwa 1916, na meli ya mwisho ilikuja mapema mwaka huo huo. Bunduki iliyozaliwa 1917 ingefikaje? Hapo sikuhitaji hata kuiangalia mihuri yenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi huishia kwenye tarehe.

Lakini si wote wanaojisahau kwenye tarehe. Wajanja huchukua bunduki ya mwaka unaowezekana, 1906 au 1912, iliyotengenezwa kihalali kwa jeshi la nyumbani Ujerumani, wakaongeza herufi mbili. Kila kitu kingine ni cha kweli. Sasa ndipo kazi yangu inapoanza.

Herufi ya kupigwa haiondoi chuma, inakisukuma. Ukibonyeza kidole kwenye bugali, unga unaobanwa huinuka pembeni. Chuma hufanya hivyo hivyo: chini ya herufi kinashindiliwa, na kandokando ya mstari kinainuka kama ukingo mwembamba, ambao jicho huenda lisiuone lakini ukucha unaukwaruza. Kiwandani, sehemu kubwa ya maandishi yalipigwa kwanza, kisha chuma kikasuguliwa na kung'arishwa, kisha kama kilipaswa kutiwa rangi kikatiwa ile rangi ya buluu iliyo karibu na nyeusi. Kwa hiyo kwenye maandishi ya zamani ukingo ule umelazwa na msasa wa kiwanda, na rangi imeshuka hadi kwenye sakafu ya herufi. Anayeongeza herufi miaka mia baadaye hana nafasi hiyo. Akipiga, ukingo unasimama. Akiusugua, anaondoa rangi ya pembeni na kuacha uwanja unaong'aa. Akipaka rangi ya chupa kuficha uwanja ule, inakuwa buluu nyingine, yenye mawimbi, isiyofanana na jirani yake. Kila anachofunika kinafungua kingine.

Ninamwomba mpwa wangu apige picha taa ikiwa ubavuni, chini kabisa, karibu sambamba na chuma. Taa ya juu inalainisha kila kitu na kuwafanya wote waonekane wakweli. Taa ya ubavuni huchora kivuli cha kila ukingo. Tena ninamwambia afute chokaa au rangi nyeupe ambayo wauzaji hupenda kuijaza ndani ya herufi, eti zisomeke. Sakafu ya herufi ndiyo ninayoitaka, na chokaa imeikalia.

Kitu ninachokiamini kuliko vyote ni kutu. Bunduki iliyokaa kwenye unyevu, na yetu ni nchi ya unyevu, huwa na vishimo vidogo vidogo ambavyo kutu ilikula. Tazama mahali kishimo na herufi vinapokutana. Herufi ikiwa ya kale, kutu ilikuja baadaye: kishimo kimemega mstari wa herufi, ukingo wake umekatika, mguu wa K una pengo. Herufi ikiwa mpya, mambo hugeuka. Herufi imekikanyaga kishimo. Mdomo wa kishimo umebanwa kwa ndani, umefungwa nusu, na mstari wa herufi unapita juu yake bila kukatika. Tindikali inaweza kuleta kutu ya haraka, na watu wanaitumia, lakini ile hushambulia uso wote sawasawa, haichagui pembe, haiachi mahali ambapo jasho la mkono au ngozi ya mkanda ilikuwa ikigusa. Katika picha moja ya Mauser ya 1908 nilikuza herufi S mpaka ikajaa kioo cha simu. Tumbo la chini la herufi lilipita katikati ya vishimo viwili vilivyogusana, na ukuta mwembamba uliovitenganisha ulikuwa umelala upande mmoja, umepigwa chini kama jani. Ukuta ule ulikuwa wa kutu ya miaka mingi. Nyundo ilikuja baada yake.

Kuna wanaochonga kwa mashine badala ya kupiga. Mashine ya kuchonga hula chuma na kukitoa nje, kwa hiyo hakuna ukingo. Sakafu ya mstari huwa bapa au mviringo, upana ni ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, na ncha zake ni duara kwa sababu kisu chenyewe kinazunguka. Chuma cha kupigia kina makali, huacha bonde jembamba chini na ncha kali. Mtu akishaona zote mbili chini ya kioo cha kukuzia hazichanganyi tena.

Umbo la herufi nalo linasema. Vyuma vya dukani vya leo huja kwa kimo kamili, milimita 3, 4, 5, na herufi zake ni nyoofu, hazina miguu wala mapambo. Viwanda vya wakati ule vilikuwa na vyuma vyao wenyewe. Maneno marefu yalibanwa kwa chuma kimoja chenye maneno yote, hivyo herufi zimekaa kwenye mstari mmoja bila kuyumba. Ubavuni, maandishi "Gew. 98" yako katika herufi za Kijerumani za kale zenye pembe. Alama za wakaguzi ni herufi ndogo za mtindo huo huo, kila moja na taji lake. Maandishi yote yakiwa ya mkono mmoja wa zamani, halafu K.S. peke yake ikawa na sura ya namba za mita za umeme, kuna mtu amekuja na seti yake.

Namba za bunduki ni somo jingine. Kwenye Mauser hizo namba kamili iko kwenye mtutu na sehemu kuu, na tarakimu mbili za mwisho zinarudiwa kwenye vipande vidogo, hadi skrubu. Wakusanyaji hupenda zote zilingane, na hulipa zaidi zikilingana. Basi yupo anayechukua komeo la bunduki nyingine, lile la kuvuta na kusukuma ili kukoki, akasaga namba yake na kupiga inayotakiwa. Aliyesaga ameondoa chuma, na chuma hakiwezi kurudi. Weka rula ya chuma juu ya mahali pale, shikilia dhidi ya mwanga: kama mwanga unapenya chini ya rula katikati, hapo pana bonde, na kwenye bonde palikuwa na namba nyingine. Namba zisizolingana, kwa upande wake, si dhambi. Bunduki iliyopigana porini kwa miaka ilitengenezwa kwa vipande vya bunduki zilizokufa. Mimi binafsi huishuku zaidi ile ambayo kila kipande kinalingana na bado kila namba inang'aa.

Nirudi kidogo kwa K.S., kwa sababu hata ikiwa ya kweli inasemeshwa isiyoyasema. Jeshi lile lilikuwa pia Namibia na Kamerun, kwa hiyo herufi peke yake haziileti bunduki Tabora. Tena kuna singe ya Kijerumani iliyoitwa KS 98, na humo K na S ni za singe fupi, hazihusiani kabisa na jeshi la makoloni. Nimeona singe ya namna hiyo ikipewa ukoo wa askari wa Afrika Mashariki kwa herufi hizo tu.

Kwa bunduki za upande wetu tatizo huwa kinyume: mnunuzi hutupa cha kweli. Mauser ya 1889 inajulikana kwa mtutu wake uliovikwa koti jembamba la chuma. Kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, kiliundwa mwaka huo huo wa 1889 ili kutengeneza bunduki hizi, 150,000 kwa oda ya serikali ya Ubelgiji. Ubelgiji ilipotekwa mwaka 1914, kazi ilihamishiwa kwingine, na baadhi ya Mauser za 1889 zikatengenezwa Marekani na Hopkins & Allen wa Norwich, Connecticut, na jina hilo liko juu ya chuma. Mpwa wangu alikaribia kuiacha moja ya hizo kwa sababu jirani yake wa biashara alimwambia, "Bunduki ya Kibelgiji yenye anwani ya Marekani? Hiyo imepigwa muhuri na mwizi." Ilikuwa halali kabisa. Kwa upande mwingine herufi F.P., za Force Publique, ni rahisi mno kuongezwa, na nikiziona peke yake, bila kitu kingine kinachoiweka bunduki Kongo, nazipitisha kwenye mtihani ule ule wa ukingo, rangi na kutu.

Liège ina nyumba ya kupimia silaha tangu 1672, na alama yake ya kawaida ni herufi ELG ndani ya duara refu, na nyota chini. Taji juu ya duara liliongezwa 1893. Bunduki inayouzwa kwa madai kwamba ilipimwa huko mwaka 1885, na ELG yake ina taji, imejikana yenyewe. Hayo ni mambo ya kusoma mara moja na kuyaweka kichwani.

Vita vya Pili vya Dunia vina mtego wake. Mwaka 1941 Force Publique ilikwenda hadi Ethiopia, ikashika Asosa na Gambela mwezi Machi, na Julai huko Saio jenerali Pietro Gazzera wa Italia akajisalimisha kwa majeshi ya jenerali Gilliaert pamoja na maelfu ya askari wake. Wakongomani waliteka silaha nyingi, na bunduki za Carcano za Kiitalia zinazodaiwa kutoka Saio huuzwa hadi leo. Kwenye mtutu wa Carcano za miaka hiyo, mbali na mwaka wa kawaida, mara nyingi kuna namba ya Kirumi ya mwaka wa utawala wa Mussolini, ulioanza kuhesabiwa mwishoni mwa Oktoba 1922. Toa 1922 kwenye mwaka uliopigwa: 1938 inapaswa kuwa XVI, 1940 inapaswa kuwa XVIII. Huzidi moja tu kwa zile za miezi miwili ya mwisho wa mwaka. Mwenye kughushi asiyejua hesabu hiyo anaweza kuandika XX kwenye ya 1938, na hata mtoto wa shule atamkamata.

Ghali na chafu kuliko zote ni alama za vikosi vya SS vya Ujerumani ya Hitler kwenye Mauser fupi za 1935 hadi 1945. Sina hamu ya kuzieleza kwa urefu. Zinaghushiwa sana kiasi kwamba anayeuziwa bila karatasi afadhali ahesabu kuwa ni za uongo mpaka ithibitike vinginevyo. Mitihani ni ile ile.

Mbao za kitako nazo husomwa. Muhuri wa kiwanda ulibanwa kwenye mbao mpya, nyuzi zikashuka bila kukatika, kisha mikono, mafuta na mashavu ya watu yakazilainisha kingo zake. Muhuri mpya kwenye mbao za zamani una kingo kali wakati kila kona nyingine ya kitako imechakaa. Ukiwa umechongwa, nyuzi zimekatwa. Ukiwa umechomwa, ndani yake ni mweusi wa moshi. Nuseni pia. Rangi ya kuzeesha mbao ina harufu kwa miezi kadhaa.

Karatasi na hadithi huja mwisho, nazo zinahitaji ukali ule ule. Hadithi inayopendwa ni ya Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, ambako Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Muuzaji akikuonyesha Mauser ya Kijerumani na kusema ilisalimishwa siku ile, mkumbushe alichokiandika Lettow mwenyewe katika kumbukumbu zake: bunduki walizokabidhi, elfu moja na kidogo, zilikuwa za Waingereza na Wareno. Walikuwa wamemaliza risasi zao wenyewe zamani na kuishi kwa silaha za kuteka, hasa baada ya kuwashinda Wareno Negomano mnamo Novemba 1917. Bunduki ya kweli ya Abercorn ingekuwa na chapa za Ureno au Uingereza, na hiyo haiwavutii wanaotafuta taji la Kijerumani.

Najua msomaji wa Bukavu atauliza haya yanamhusu nini. Mji huu ulisikia bunduki mwaka 1996, 2004 na tena 2025. Hakuna anayetaka nyingine ukutani kwake, na sheria ya silaha ya 1985 haimruhusu raia kuweka silaha ya vita nyumbani. Ukichimbua moja shambani, usiiguse, usiisafishe, usiitafutie mnunuzi. Zile za Brussels anazoziona mpwa wangu zimeshauawa: mtutu umezibwa, komeo limeunganishwa kwa moto, na tangu 2016 Umoja wa Ulaya unataka kila bunduki inayouawa hivyo iwe na alama ya pamoja na cheti.

Lakini chuma ni kile kile. Pikipiki inayouzwa Kadutu kwa bei ya kushangaza ina namba kwenye fremu, na namba hiyo inasagwa na kupigwa upya kwa vyuma vile vile. Rula inaonyesha bonde lile lile. Nimewaeleza mafundi na waendesha pikipiki wengi: paka kidole mafuta ya taa, futa rangi ya juu, tazama kwa taa ya ubavuni kabla hujatoa hata dola moja. Na kwa silaha za leo, namba ndiyo inayowawezesha wachunguzi kujua bunduki iliyoua watu kijijini ilitoka kiwanda gani na ilikabidhiwa nani. Mataifa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yalitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 na kukubaliana, pamoja na mengine, kuzipiga silaha alama na kutunza daftari zake. Anayesaga namba hapa hatafuti faida ya mkusanyaji. Anaficha njia iliyoileta bunduki. Wataalamu wa maabara wanaweza mara nyingi kuirudisha kwa tindikali, kwa sababu ule ushindilivu wa chini ya herufi unabaki hata uso wake ukiondolewa.

Juzi mpwa wangu alinitumia picha za bunduki mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa Mauser ya Danzig ya 1911, K.S. imepigwa vizuri, bei imepanda mno, na muuzaji hakutaka picha ya ubavuni. Ya pili ilikuwa Mauser ya 1889 ya Herstal, koti la mtutu limebonyea, kitako kimepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba, hakuna herufi hata moja inayoitaja Kongo. Pamoja nayo kulikuwa na barua ya familia ya ofisa mmoja wa Kibelgiji, iliyoandikwa Kigoma mwaka 1917, inayotaja namba ya bunduki na jina la askari aliyeibeba. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

"Mjomba, hii ya waya haina muhuri wowote wa kwetu," akaandika.

Nilimjibu aiache ya Danzig, na kwa ile ya waya asilinganishe namba kwa macho tu. Apige picha namba ya mtutu na ya komeo, taa ikiwa chini. Aombe kuiona barua yenyewe, aitazame karatasi na wino wake kwa nyuma, na kabla ya kulipa anitumie jina la yule askari, nitafute kwa wazee wa Kabare na Walungu kama ukoo wake bado uko.